Kuhusu hiyo mashua unayoitaka

Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako na karatasi uliyochora mashua zimenifika, na mama yako alizibandika ukutani kabla sijamaliza kusoma. Umeandika kwamba unataka ILCA 7, ile mashua ya tanga ya mtu mmoja, kwa sababu ndiyo yenye mbio kuliko zote. Pesa ya mashua ipo, ila si ya mashua mpya. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu hili ni jambo refu, na kwenye simu wewe ukishasikia "hapana" la kwanza husikii tena.

Hebu tuanze na mwili wako. Shangazi anasema una kilo 47. ILCA 7 ina tanga la mita 7 za mraba na kitu, na wanaoiendesha vizuri ni watu wazima wa kilo 80 hivi. Kusi ya mwezi wa saba ikivuma pale Msasani, wewe utakuwa umening'inia nje ya mashua mwili mzima na bado itakulaza. Utaachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, tanga lipigepige, na mashua ambayo tanga lake linapigapiga haina mbio yoyote. Mwenzako mwenye tanga dogo atakupita huku amekaa raha mustarehe.

Jambo la pili ndilo kubwa, nalo naona hukulifikiria. Mashindano unayoyataka ni ya mashua za aina moja. Umbo moja, uzito mmoja, tanga la kipimo kimoja, ili anayepimwa awe mwendeshaji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina mbio, uliza wenzako wana ipi. Hata ukipewa mashua nzuri ya bure, kama ni ya peke yake ghuba nzima, utakuwa unashindana na kivuli chako. Ndiyo maana sikukubaliana na babu yako aliposema tumwite fundi wa Sahare achonge kitu cha plaiwudi kwa nusu ya bei. Kingeelea vizuri tu, lakini kingeelea peke yake.

Optimist, ile mashua ndogo ya watoto uliyoichora pembeni, kama kwa kunifurahisha mimi, si ya kudharau. Clark Mills aliibuni mwaka 1947 kule Clearwater, Florida, ili watoto wapate mashua ya bei nafuu. Urefu wake haufiki hata shiti moja ya plaiwudi ya futi 8, na mwili wake mtupu, bila mlingoti wala tanga, una kilo 35, watoto wawili wanaubeba. Mabingwa wengi wa dunia walianzia humo. Ungekuwa na miaka tisa nisingefikiria nyingine. Lakini umri wa kushindana Optimist unaishia mwaka unaotimiza miaka 15, na wewe 14 hiyo inabisha hodi, na magoti yako sasa yanakugusa kidevu ukikaa ndani. Tungeinunua leo na kuanza kutafuta mnunuzi kesho.

Za watu wawili, 420 na ile RS Feva, nimeziondoa. Mwenzako akiugua, akihama shule au mkigombana, mashua inabaki kwenye mchanga. Mdogo wako usimtaje, huyo hutapika akiwa bado gatini.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: mwili wa ILCA uliotumika, wenye mlingoti na tanga la ILCA 4. ILCA ndiyo ileile ambayo watu wengi bado wanaiita Laser. Jina lilibadilika mwaka 2019, umbo ni lile alilolichora Bruce Kirby wa Kanada karibu na mwaka 1970. Uzuri wake kwa mfuko wangu ni kwamba mwili ni mmoja na matanga ni matatu. La ILCA 4 lina mita 4.7 za mraba, la ILCA 6 mita 5.7 na kidogo, la ILCA 7 mita 7. Ukiongezeka kilo, tunatafuta nusu ya chini ya mlingoti na tanga jingine, mwili unabaki uleule. Sasa hivi hata ILCA 4 itakuwa kubwa kwako kidogo siku za upepo mkali, lakini kwa jinsi unavyokula kwa shangazi, sina wasiwasi.

Na kama ni Olimpiki unaota, mashua ya wanawake ni ILCA 6, siyo 7. Deizy Nhaquile wa Msumbiji, jirani zetu hapo kusini, alishindana kwenye aina hiyo Tokyo na tena Ufaransa mwaka 2024. Bahari ni hiihii.

Utaniuliza kwa nini usiendelee na ngalawa ya babu, maana ni ya bure. Endelea nayo kila likizo. Ndiyo iliyokufundisha kuusikia upepo kwa shingo na kutoka kwenye mrengu, ule mti wa pembeni, bila kuambiwa. Ila ukienda bisha na ngalawa, yaani kuukabili upepo, wakati wa kugeuka unaupa upepo tezi, nyuma ya chombo, na foromali, ule mti unaobeba tanga, inazungushwa mbele ya mlingoti, na hapo umepoteza bahari uliyoichuma. Kwenye ILCA unasukuma kana, mkono wa usukani, omo, yaani pua ya mashua, inakata upepo, unainama, unahamia upande wa pili, basi. Resi nyingi mtu hushinda au hushindwa hapo kwenye kugeuka, na mkono wake ni mwingine kabisa. Kizuri kingine, ILCA ikikulaza unapanda juu ya ule ubao wa katikati, inainuka, maji yanamwagika yenyewe. Hakuna kufua maji na kata kama kwenye Optimist.

Sasa kununua. Mashua zilizotumika huuzwa na familia zinazohama, na muuzaji anayehama huwa na haraka. Wewe usiwe nayo. Rangi inayong'aa isikubabaishe, mng'ao ni kazi ya nusu siku. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka tundu la mlingoti na pale mtu anapokaa. Faibaglasi ikibonyea au ikilia kama imeachana, ndani imeoza. Mimina maji kwenye tundu la mlingoti, uweke alama, ukanywe chai. Ukirudi maji yakiwa yameshuka, tundu linavuja kuingia ndani ya mwili, na siku moja mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha. Kisha ipimwe. Mwili mtupu unatakiwa uwe kilo 59. Ikizidi kwa kilo kadhaa, hayo ni maji yamejificha. Mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu inatosha, na nitawalipa mimi.

Mlingoti ubingirishe sakafuni uone kama umepinda. Lakini nusu ya chini ya ILCA 4 imepindishwa kiwandani kuelekea nyuma, usije ukamwita mtu tapeli bure. Angalia pia riveti za chuma cha pua zinapokutana na alumini: chumvi hula hapo kwanza, unaona unga mweupe. Ufa mdogo wa faibaglasi usikutishe, mafundi wa boti za watalii wanauziba kila siku. Tundu la mlingoti lililooza, achana nalo hata wakipunguza bei nusu.

Pesa itakayobaki iende kwenye tanga. Mwili mzee wenye tanga gumu jipya unaushinda mwili mpya wenye tanga lililolegea kama kanga ya kufulia. Tutatafuta tanga rasmi moja la siku za resi, na la mazoezi liwe la nakala isiyo rasmi, maana hayo ni rahisi zaidi. Na toroli tusilisahau, kilo 59 juu ya mchanga mwororo wakati maji yamekupwa si mchezo. Jaketi la kujiokolea litakuwa jipya, na hilo hatujadili.

Nitakuja Dar mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo niulizie watoto wangapi wa rika lako wana ILCA 4, na nani anayehama. Wakiwa wengi bado wako kwenye Optimist, niambie ukweli, tutahesabu upya.

Kuhusu wale mbuzi wako wawili unaotaka niwauze kuongezea, mama yako amekataa. Mmoja ana mimba.

Baba