Riba na dola vinavyotikisa hisa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi wakiona bei za hisa zinashuka wanakimbilia kulaumu kampuni, kumbe mara nyingi shida iko kwenye uchumi wenyewe. Riba ikipanda, hati fungani za serikali (yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba) zinalipa vizuri bila presha, sasa nani atabaki kwenye hisa? Hapo hapo mikopo ya kampuni inakuwa ghali, faida inapungua na gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, nalo linasinyaa. Na mfumuko wa bei je? Ukipata asilimia 10 wakati bei zimepanda asilimia 12 hiyo ni hasara.

Ila kinachoniuma zaidi ni dola. Mei 2013 Ben Bernanke, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aligusia tu kupunguza ununuzi wa hati fungani ambao benki hiyo iliutumia kumwaga dola sokoni na kushusha riba, basi wawekezaji wa nje wakaona riba ya Marekani itapanda, wakaanza kutoa hela India, Brazil, Indonesia, Uturuki na Afrika Kusini, sarafu zikaporomoka na hisa nazo zikayumba, wakati kampuni nyingi za huko hazikuwa zimekosea chochote. Anayeumia ni mwekezaji mdogo anayeuza kwa hofu.

Jamani, mkichapisha bei za hisa wekeni pembeni na riba, mfumuko na thamani ya sarafu, tunavihitaji sana.