Sura ya tatu ina sura moja

Shoga yangu,

Mswada wa riwaya yako nimeumaliza jana usiku, saa ambayo watu wenye akili zao wamelala. Vita vya darajani vimeninyima usingizi, na yule mvuvi mlevi nampenda kuliko shujaa wako mwenyewe. Tafadhali usimuue. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu sura ya tatu, na wewe ndiye uliyenikataza kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Waselu wako wanafanana mno. Wote nywele za fedha, wote macho ya kijani, wote warefu wembamba, wote ngozi kama maziwa. Naimo, yule msichana wako wa pwani, anapoingia sokoni kwao, badala ya umati namwona mtu mmoja aliyerudiwa mara elfu. Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani hivyo. Sura nzima ya tatu, shoga, ina sura moja tu.

Najua ilivyotokea, maana nimeliona lile jedwali ulilobandika mwishoni: kabila, rangi, nywele, macho, kimo. Ulijaza jedwali kwanza, watu wakaja kukaa ndani yake. Mimi ningeanza kwingine: hawa wametoka wapi, na wamekuwa wakioana na nani?

Chukua hiyo ngozi ya maziwa. (Maziwa yenyewe wameyaona wapi, na sura ya kwanza inasema hawafugi?) Unasema wamekaa juu ya milima mitupu tangu dunia changa, hakuna mti, theluji mwaka mzima. Huko juu jua halina huruma. Kila ukipanda mita 1,000, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10, na theluji huirusha tena usoni kutoka chini. Watu waliozaliana huko vizazi na vizazi ningetarajia wawe angalau maji ya kunde, na mashavu yaliyobabuka kwa baridi. Kama weupe wao huwezi kuuacha, basi walihamia juzijuzi, na hapo umepata hadithi: nani aliwafukuza kule walikotoka?

Nywele za fedha sina ugomvi nazo. Visiwa vya Solomon kuna watu weusi kabisa wenye nywele za dhahabu, kati ya asilimia 5 na 10 yao. Wageni walizoea kusema ni damu ya mabaharia wa Ulaya, au ni chumvi na jua. Mwaka 2012 watafiti wakaonyesha kwamba ni badiliko dogo kwenye jeni moja, tena badiliko ambalo halina uhusiano na nywele za dhahabu za Wazungu. Lililonifurahisha zaidi ni hili: nywele hizo hutoka mtoto akilirithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Kwa hiyo mke na mume wenye nywele nyeusi wanaweza kumzaa mtoto wa nywele za dhahabu, na hakuna aliyechepuka. Fikiria jambo hilo likitokea kwenye riwaya yako, katika nyumba ya watu wenye wivu.

Tena si lazima asili ya mtu ikae usoni. Watibeti wengi wana jeni inayowasaidia kuishi penye hewa nyembamba, na mwaka 2014 ilibainika kwamba waliipata kwa Wadenisova, aina ya binadamu waliokwisha kutoweka. Ukimtazama Mtibeti machoni huoni kitu. Mwone akipanda mlima. Wewe unazo zile ngazi za hekaluni, umezitaja mara nne na hujazitumia. Mpandishe Naimo na yule mvuvi pamoja. Mvuvi asimame kila baada ya hatua ishirini, mkono kiunoni, akijifanya anatazama mandhari. Naimo aendelee kupiga hadithi bila kuhema, hata asijue kwamba mwenzake kabaki nyuma, naye ni msichana aliyelelewa pwani na kuambiwa maisha yake yote kwamba ni wa pwani. Msomaji atajua mama yake ni nani kabla yeye hajajua, na hutakuwa umetaja jicho wala unywele.

Kwa jicho lake, shoga, nilicheka. Moja la kijani kwa upande wa mama, moja la kahawia kwa upande wa baba! Damu si rangi za kukorogwa kwenye ndoo, wala si shamba la kugawana nusu kwa nusu. Watoto wa wazazi hao hao, mmoja hutoka mweusi tititi na mwenzake mweupe. Mmoja humchukua shangazi pua, mwingine hasemekani kamchukua nani mpaka azeeke. Mpe Naimo mdogo wake. Awe na nywele za singa, na Naimo awe na kipilipili, na kila mgeni aulize kama kweli ni ndugu. Hilo linauma kuliko macho ya rangi mbili.

Sasa Wagoro, kabila la baba yake Naimo. Hapa sitanii. Weusi wote, pua bapa zote, wakatili wote. Mzee wako anasema "mtoto wa nyoka ni nyoka", na mwache aseme, wazee husema. Tatizo ni kwamba riwaya yenyewe inamuunga mkono: kurasa mia nne, hakuna Mgoro hata mmoja anayembembeleza mtoto alale. Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, mwaka 1968 alitoa riwaya yake A Wizard of Earthsea, na humo shujaa ni wa rangi ya shaba, rafiki yake mkubwa ni mweusi, na wavamizi ndio weupe. Ameyasema kwa sauti ya chini, pasipo kusimama akupigie hotuba. Hadithi hiyo ilipofanywa ya televisheni mwaka 2004, shujaa alipewa mwigizaji mzungu, na mwandishi akalalamika hadharani. Kwa hiyo taja rangi za watu wako taratibu, lakini taja zaidi ya mara moja.

Na kuna pale ukurasa wa 61, Naimo anapojitazama kwenye maji ya kisima na kujieleza kama mtu anayejaza fomu ya pasipoti. Futa. Mweke sakafuni katikati ya magoti ya bibi yake, anasukwa. Bibi anavuta, Naimo analalamika, kitana kinakwama palepale kinapokwama siku zote, juu ya sikio la kushoto, kwenye kishungi kidogo cha fedha. Mikono ya bibi inasimama. Kisha anakisuka kwa ndani, anakifunika na nywele nyeusi, na anaendelea kusengenya majirani kama vile hakuna kitu.

Ila kabla hujaandika hapo nijibu hili, maana mswada wote nimeutafuta sijaliona: huyo bibi mzaa baba, Mgoro wa damu kama ulivyotuambia, amejuaje kile kishungi ni cha kufichwa? Aliwahi kukiona kwa nani?

Nasubiri sura ya nne.

Wako wa siku zote,
msomaji wako wa kwanza