Warren Moon hakuanza kazi mwaka 1984

Mhariri,

Makala yenu kuhusu makwotabeki wakubwa wa Marekani, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi katika futiboli ya Kimarekani, inasema Warren Moon alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1984 na Houston Oilers, na kwamba hakuwahi kutwaa ubingwa. La kwanza si kweli. La pili ni kweli iwapo tu hesabu inaishia kwenye mpaka wa Marekani na Kanada. Kabla ya Houston, Moon alicheza misimu sita Edmonton, Kanada, na katika mitano ya mwanzo, 1978 hadi 1982, timu yake ilibeba Grey Cup, kombe la ligi ya Kanada (CFL), mfululizo.

Sababu ya yeye kwenda huko haifai kuachwa nje. Januari 1978 aliiongoza University of Washington kuishinda Michigan 27-20 katika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo vikuu, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Hata hivyo, NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, wakati ule ilikuwa na desturi ya kuwahamisha makwotabeki weusi: huyu afanywe mpokeaji wa pasi, yule apelekwe ulinzi wa nyuma. Moon alikataa kubadilishiwa nafasi, akasaini Edmonton kabla hata uteuzi wa NFL, ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, haujafanyika. Kwa hiyo mnapoandika kwamba "hakuteuliwa na timu yoyote" mkaishia hapo, msomaji atadhani alipungukiwa kiwango. Katika uteuzi huohuo Tampa Bay ilimchukua Doug Williams, mweusi mwenzake, akiwa chaguo la 17, naye aliendelea kuwa kwotabeki. Mlango haukuwa umefungwa kabisa, ila waliopita walikuwa wachache mno.

Mnaiita Kanada "ligi ya mazoezi". Tazameni uwanja wenyewe. Wa Marekani una yadi 100 kutoka mstari wa goli hadi mwingine na upana wa yadi 53 na theluthi moja. Wa Kanada una yadi 110 kwa 65. Kila upande unaingiza wachezaji 12 badala ya 11. Kubwa zaidi ni kwamba timu ina majaribio matatu ya kusogea yadi 10, si manne. Jaribio la tatu kwa kawaida ni la kuupiga mpira mbali kwa mguu, kwa hiyo kiutendaji yanabaki mawili. Ukikimbia na mpira ukapata yadi mbili tu, umebakiwa na jaribio moja la kutafuta nane, na kila mtu uwanjani anajua unakwenda kurusha. Kwotabeki wa huko hurusha mapema na mara nyingi, tena pasi ya kuvuka uwanja kuelekea pembeni ina safari ndefu zaidi hewani, na beki anapata muda wa kuifikia. Asiye na mkono wenye nguvu haonekani huko. Mwaka 1982 Moon alifikisha yadi 5,000 za pasi kwa msimu mmoja, na 1983 akarusha 5,648 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi.

Houston waliyavuna hayo. Kuanzia 1990, chini ya kocha Jack Pardee, walicheza mfumo wa wapokeaji wanne na mkimbiaji mmoja, bila yule mchezaji wa pembeni mwa safu ya mbele anayesaidia kuzuia. Mpokeaji haendi njia iliyopangwa moja kwa moja: anamsoma beki akiwa mbioni. Beki akikaa ndani, anakata nje. Akirudi nyuma sana, anasimama mbele yake. Kwotabeki naye lazima asome kitu hichohicho sekunde hiyohiyo, la sivyo mpira unakwenda mahali pasipo na mtu wake. Desemba 16, 1990, Moon alirusha yadi 527 dhidi ya Kansas City.

Gharama yake ndiyo mliyoigeuza kuwa lawama, yaani mipira 161 iliyomponyoka katika NFL. Mfumo huo unabakiza wazuiaji sita tu wa kumlinda kwotabeki, watano wa mstari wa mbele na mkimbiaji. Wapinzani wakituma saba kumvamia, mmoja anafika bila kuguswa. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, hatari hutoka kushoto, nyuma ya bega, wakati mkono mmoja tayari umeuachia mpira ili mwingine uuvute nyuma. Isitoshe, takwimu hiyo inahesabu kila mpira ulioponyoka, hata uliookotwa na mwenzake papo hapo.

Udhaifu wa kweli ulionekana Buffalo, Januari 3, 1993, na hapo sina la kumtetea mtu. Houston waliongoza 35-3 katika robo ya tatu, wakapoteza 41-38 katika muda wa nyongeza, baada ya pasi ya Moon kunaswa na Nate Odomes, beki wa Buffalo. Timu inayoongoza hivyo inatakiwa ikimbie na mpira ili saa iendelee kutembea. Pasi isiyodakwa husimamisha saa. Mfumo wa Houston haukuwa na wazuiaji wa kutosha kwa kazi hiyo.

Baadaye alipitia Minnesota, Seattle na Kansas City hadi mwaka 2000. Jumla yake katika NFL ni yadi 49,325 na mabao 291 ya pasi. CFL ni yadi 21,228 na mabao 144. Siombi mzijumlishe, maana viwanja na sheria ni tofauti. Naomba jedwali lenu liwe na safu mbili, mwaka wa kuanza uwe 1978, na vikombe vitano vya Grey Cup viandikwe. Mwongeze pia kwamba Canadian Football Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa Kanada, ilimwingiza mwaka 2001, na ule wa Marekani, Pro Football Hall of Fame ya Canton, Ohio, mwaka 2006, akiwa kwotabeki mweusi wa kwanza kuingia humo.

Msomaji wenu