Mtu Mzima Asibatizwe kwa Haraka ya Harusi wala ya Krusedi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni akilalamika kwamba makanisa ya zamani hapa Uganda yanawachosha watu wazima kwa kuwafundisha mwaka mzima na zaidi kabla ya kuwabatiza, ilhali yule towashi wa Kushi tunayemsoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, aliyaona maji njiani, akauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe, akashuka garini na kubatizwa papo hapo. Hoja hiyo si nyepesi. Nimewafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaoandaliwa kwa ubatizo, hapa Busia kwa zaidi ya miaka 20, na nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu ninaowaheshimu, lakini naona kwamba habari yenyewe imesomwa nusu.

Towashi yule alikuwa anarudi kutoka Yerusalemu, alikokwenda kuabudu, safari ambayo kwa gari la farasi haikuwa ya siku mbili wala tatu, na mhubiri Filipo, aliyembatiza, alimkuta akisoma kitabu cha nabii Isaya kwa sauti na kuhangaika kukielewa. Wale watu 3,000 waliobatizwa siku ya Pentekoste walikuwa Wayahudi na waongofu waliolelewa katika Torati na Manabii, wakimngoja Masiya tangu utotoni. Mlinzi wa gereza la Filipi, ambaye ndiye mwenye ushahidi mzito zaidi kwa upande wa mwenzangu kwa kuwa alikuwa mpagani, alibatizwa usiku uleule pamoja na watu wa nyumbani mwake. Lakini tusisahau kwamba kabla ya kubatizwa aliwaosha majeraha wafungwa waliopigwa kwa amri ya mahakimu wake mwenyewe, na baadaye akawaandalia chakula mezani pake, jambo ambalo lingeweza kumletea matatizo makubwa kwa mabwana zake. Mmoja alikuwa amekaa na Neno muda mrefu, mwingine alianza kulipa gharama yake saa ileile. Sioni katika habari hizo mtu aliyeitwa mbele kwa kipaza sauti kwenye krusedi leo na kupelekwa ziwani kesho.

Kanisa lilipoanza kuwapokea watu ambao hawakulelewa na Maandiko, lilijifunza lenyewe, na kwa uchungu, kupunguza mwendo. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ambao wengi tunaukumbuka kwa Kanuni ya Imani tu, ulitoa pia kanuni ndogondogo za nidhamu, na ya pili miongoni mwake inalalamika kwamba watu waliotoka upagani juzi, wakafundishwa kwa muda mfupi, wanabatizwa na hata kupewa upadri na uaskofu mara tu baada ya kubatizwa. Mkatekumeni, wanasema mababa wale, anahitaji muda. Ni kweli kwamba upande wa pili pia ulikuwa na ubaya wake, kwani wapo walioahirisha ubatizo kwa hila mpaka kitandani pa mauti ili dhambi zote zifutwe kwa mkupuo mmoja. Basi sisemi kwamba kuchelewa ni fadhila. Nasema kwamba kuna kazi inayopaswa kufanyika ndani ya muda ule.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Nikea kutafuta mfano. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walipofika Buganda mwaka 1879, Padri Siméon Lourdel akiwa miongoni mwao, yule ambaye Waganda walimwita Mapeera, waliwabatiza watu wa kwanza mwezi Machi 1880. Lakini mwanzilishi wa shirika lao, Lavigerie, alishikilia kwamba mtu mzima aandaliwe kwa muda wa miaka minne. Miaka minne! Leo tukitaja miezi 18 watu wanatuona wakatili. Mwaka 1882 mapadri hao walilazimika kuondoka Buganda, hawakurudi hadi 1885, na katika kipindi hicho chote wale wachache waliokuwa wamefundishwa ndio waliowafundisha wenzao, wakasali pamoja, idadi yao ikaongezeka bila padri hata mmoja. Sidhani kwamba kundi lililobatizwa baada ya mahubiri ya jioni moja lingeweza kufanya hivyo.

Kabaka Mutesa I mwenyewe aliwahi kuomba ubatizo. Akaambiwa kwamba inampasa kubaki na mke mmoja, hakukubali, na alifariki mwezi Oktoba 1884 bila kubatizwa. Fikiria faida ambayo wamisionari wangeipata kwa kumbatiza mfalme kama yule, wakiwa wageni katika nchi yake na wakiishi kwa hisani yake. Hawakumbatiza.

Baada ya miaka miwili isiyotimia, kule Munyonyo, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Karoli Lwanga, kiongozi wa wahudumu wa ikulu, aliwabatiza kwa siri wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, kwa sababu alijua kwamba asubuhi Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, angewaita na kuwahukumu kwa ajili ya imani yao. Lwanga hakuwa padri, na mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi sita tu iliyotangulia, tarehe 15 Novemba 1885, siku ileile aliyouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki mwenzake wa ikuluni. Msomaji mwenzangu anaweza kusema: tazama, hata Lwanga aliharakisha. Naam, aliharakisha, na Kanisa halijawahi kumlaumu, kwa kuwa penye hatari ya kifo mtu yeyote, hata mlei, anaweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Lakini vijana wale walikuwa wamefundishwa, na walijua ni kipi kinawangoja kukipambazuka. Mmoja wa waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, Mukasa Kiriwawanvu, hakuwapo usiku ule kwa sababu alikuwa amefungwa baada ya kugombana na mwenzake Gyavira, akafa akiwa mkatekumeni bila kuguswa na tone la maji ya ubatizo; naye leo anaitwa mtakatifu pamoja na wenzake. Huwa nawasimulia wakatekumeni wangu habari yake kuliko ya mwingine yeyote, kwa sababu inawaonyesha kwamba maji hayafanyi kazi kama hirizi, na kwamba muda wa kungojea si muda wa kukaa nje ya nyumba.

Niruhusu, Mhariri, niseme kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema barua hii itakuwa ya kinafiki. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliyemchumbia binti wa kigango chetu aliletwa kwangu na wakwe zake zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya harusi. Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, ilikwisha kufanyika, kadi zilikwisha kugawiwa, hema lilikwisha kulipiwa, na kijana alikuwa hajabatizwa. Nilimfundisha jioni sita, nikaliandika jina lake katika orodha ya waliomaliza mafundisho, nikanyamaza. Alibatizwa, akaoa, na sikumwona tena kanisani.

Kibaya zaidi ni kwamba haraka ile haikuhitajika. Sheria ya Kanisa Katoliki inamruhusu askofu, penye sababu ya haki, kutoa kibali ili Mkatoliki afunge ndoa kanisani na mtu ambaye hajabatizwa, na wakwe wale wangeweza kuelezwa hivyo, kijana akaoa kwa amani, kisha akajifunza kwa mwendo wake bila kushikiwa saa. Mimi nililijua hilo. Niliona aibu ya wazee na gharama za hema kuwa nzito kuliko nafsi ya kijana, nami siamini kwamba niko peke yangu miongoni mwa makatekista na wachungaji wa nchi hii.

Sheria hiyohiyo inadai mambo machache kwa mtu mzima anayetaka ubatizo: aonyeshe kwamba anautaka kwa hiari yake, afundishwe vya kutosha kweli za imani na wajibu wa Mkristo, ajaribiwe katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni, na ahimizwe kuzitubia dhambi zake. Neno hilo la kujaribiwa ndilo tunaloliruka. Halimaanishi mtihani wa kukariri Amri Kumi, ingawa wapo wenzangu wanaougeuza ukatekumeni kuwa darasa la shule, na mzee asiyejua kusoma anarudishwa kama mtoto aliyefeli. Hilo nalo ni dhuluma. Maana yake ni kwamba jumuiya imwone mtu huyo akiishi: analipa madeni? Anamtendeaje mkewe? Akigombana na jirani anapatana naye vipi? Mtoto mchanga hujibiwa na wazazi na wasimamizi wake, lakini mtu mzima husimama mwenyewe katika Mkesha wa Pasaka akiulizwa kama anamkataa Shetani na mambo yake yote, na kama anamsadiki Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na lile neno lake «namkataa», «nasadiki», linapaswa kuwa lake kweli. Ukatekumeni wote upo ili jibu hilo lisiwe la kuigiza.

Kuhusu kiasi cha maji sitasema mengi. Mtume Paulo anapowaandikia Warumi kwamba tumezikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo, ni wazi kwamba kuzamishwa kunaionyesha maana hiyo vizuri kuliko kumiminiwa, na ndugu zetu walokole wako sahihi wanapolisisitiza hilo. Lakini Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inaelekeza kubatiza katika maji yanayotiririka, yakikosekana hayo katika maji mengine, na yakiwa machache basi yamiminwe mara tatu kichwani. Kisha inataka anayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla. Nimeshuhudia mabishano ya saa nyingi juu ya maji mengi na maji machache, sijawahi kushuhudia hata moja juu ya ile mifungo.

Linalonisumbua zaidi ni kubatizwa tena na tena. Mtu akihama kanisa anaambiwa kwamba ubatizo wake wa kwanza haukuwa kitu, na akihama tena anaambiwa kwamba mchungaji aliyetangulia hakuwa na upako. Naelewa, ingawa sikubaliani nao, kwamba wanaoamini kuwa mtoto mchanga hawezi kubatizwa hawaoni kwamba wanarudia chochote. Huo ni msimamo wenye historia na wenye watu waliouawa kwa ajili yake huko Ulaya katika karne ya 16. Lakini kumrudisha majini mtu mzima aliyekwisha kukiri imani kwa kinywa chake na kubatizwa kwa jina la Utatu, eti kwa sababu aliyembatiza hakuwa na nguvu, ni kuufanya ubatizo kuwa mali ya mchungaji. Paulo amewaandikia Waefeso: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja.

Kijana wangu wa jioni sita alinitafuta mwaka huu, sasa akiwa baba wa watoto watatu. Tangu siku ile amezamishwa mara mbili, mara ya kwanza mkewe alipokuwa mgonjwa, mara ya pili walipohamia Kampala. «Mwalimu,» aliniambia bila hasira, «kila mahali waliniambia niingie majini, hakuna aliyenieleza ninaingia kufanya nini.» Sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia kwamba hahitaji kubatizwa mara ya nne, ila kama anapenda anaweza kuketi na wakatekumeni wa mwaka huu. Jumamosi iliyopita alifika kwa bodaboda, amechelewa kidogo, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na somo lilikuwa juu ya Ibrahimu.

Wako,
Katekista mstaafu,
Busia, Uganda