Mwanamke mwenye kifafa ashauriwe kabla ya kushika mimba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kilio cha wanawake wenye kifafa, ambao huanza kuulizwa habari za uzazi tumbo likishaonekana, ilhali uamuzi mzito ulipaswa kufanywa miezi mingi kabla.

Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajitambua kuwa ni wajawazito. Asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mrija huo kufunga, ikianzwa mwezi wa nne, mama anapofika kliniki, imeshachelewa kuzuia mgongo wazi, yaani mtoto kuzaliwa na uti wa mgongo usiofunga. Dawa ya kifafa inayotisha zaidi kwa mimba ni valproeti, kwani takriban mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji, kama vile kuchelewa kusema na kujifunza. Dawa nyingine za kifafa, lamotrijini na levetirasetamu, zina usalama zaidi, lakini bado msichana hupokea valproeti dirishani miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa kama anatarajia kuzaa, wala haambiwi kwamba kabamazepini na fenobabitoni, nazo dawa za kifafa, hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango.

Hata hivyo, asitokee mama akaacha dawa ghafla kwa kusoma barua hii. Degedege mfululizo linaweza kumuua yeye pamoja na mtoto, kwa hiyo kubadilisha dawa ni kazi ya kufanya pamoja na daktari. Lamotrijini hupungua sana katika damu kadiri mimba inavyokua, hivyo dozi huhitaji kufuatiliwa na mara nyingi kuongezwa, kisha kupunguzwa baada ya kujifungua. Wanawake wengi wenye kifafa huzaa watoto wenye afya, tena kwa njia ya kawaida, na inaniuma kuona ndugu wakiwakatisha tamaa.

Akishajifungua, kukosa usingizi ndiko humrudishia degedege, basi jamaa wampokee mtoto usiku ili alale. Mama ambadilishe mtoto nepi akiwa ameketi sakafuni, na asimwogeshe bila mtu karibu. Kunyonyesha kwa kawaida hakukatazwi.

Naziomba wizara za afya ziagize kwamba swali la uzazi liandikwe kwenye kadi ya kila msichana na mwanamke anayetumia dawa za kifafa, na aulizwe upya kila mwaka, hata kama jibu la mwaka jana lilikuwa hapana.

Msomaji wako