Barua kwa vijana wanaosomea uuguzi na utabibu Kigoma

Wajukuu zangu, salaam kutoka Ujiji, kwa bibi yenu niliyestaafu uuguzi.

Nasikia mnakariri kanuni nne za maadili ya tiba: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, kutenda haki. Beauchamp na Childress, wataalamu wa maadili wa Marekani, walizipanga hivyo kwenye kitabu chao cha mwaka 1979, na mtihani utaziuliza. Karirini. Ila zitagombana zenyewe kwa zenyewe tangu zamu yenu ya kwanza, na asiyejua mizizi yake atabaki ameduwaa.

Kuna Mill, mwanafalsafa Mwingereza, na wenzake, wanaopima tendo kwa matokeo yake kwa watu wote. Mei 2015 kipindupindu kiliwakuta wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, na meli ya MV Liemba haikuweza kuwabeba wote kwa mkupuo. Nani apande kwanza? Hapo hesabu ya wengi ni halali. Anayeikwepa anaacha watu wafe huku akijiona mwema.

Lakini hesabu hiyo ikiachwa peke yake hula watu. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, watafiti wa idara ya afya ya serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwaambia wanaumwa nini. Penisilini, dawa ya kuiponya, ilipopatikana, wakanyimwa, eti elimu itapatikana. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, alishajibu mwaka 1785: mtu asifanywe chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mimi nasimama na Kant, ingawa alikuwa mgumu kupita kiasi. Hata uongo wa kumwokoa mtu na muuaji aliukataza!

Sasa njooni wodini. Mama katoka mwambao, mwanawe kasimama kando ya kitanda. Fomu ya ridhaa inaletwa, dole gumba linapakwa wino, linabonyezwa karatasini, na muda wote macho ya mama yako kwa mwanawe. Nesi anasema, "Tayari." Tayari nini? Kwetu watu huamua kwa kushauriana na ndugu, sina ugomvi na hilo. Mama akitaka mwanawe amsemee, huo nao ni uamuzi wake. Ila aulizwe yeye mwenyewe, tena kijana akiwa ametoka nje.

Kesho mkiingia zamu, mwendeeni mgonjwa mmoja aliyetia dole jana. Mwambieni awaeleze kwa maneno yake atafanyiwa nini. Akishindwa, kaeni naye, mwanze upya.