Wagombea wa kura za maoni waulizwe swali moja

Mhariri,

Kwenye midahalo ya kura za maoni, ambazo chama hutumia kumpata mgombea wake wa ubunge, wajumbe wengi humsifu aliyezungumza vizuri, si aliyejibu. Kosa ni mpangilio: anayezungumza mwisho huokota hoja za wenzake. Wagombea waokote vikaratasi vya bahati kujua nani aanze, wengine wasubiri nje, kila mmoja apewe dakika 3 na swali lile lile. Kwa mfano, wilayani Bahi au Chamwino: pampu ya kisima imekufa, utafanyaje? Anayeahidi kuinunua mfukoni mwake haijui kazi anayoiomba! Maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa sheria ya 2019. Mbunge huibana serikali bungeni na huongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za kuchochea maendeleo ya jimbo.

Maoni ya wajumbe yaandikwe kwa siri kabla ya kutoka ukumbini. Mikono ikinyooshwa, wengi hutazama kwanza mkono wa kiongozi wa tawi.

Msomaji, Dodoma